Dakika kumi na tano kabla ya kuwasha injini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mzee mmoja wa pale stendi kuu ya Moshi. Nimeona nimjibu kupitia kwako kwa sababu swali aliloniuliza wengi wanaliuliza chinichini, na jibu lake ni refu kuliko muda tunaopata kati ya gari kujaa na gari kuondoka.

Mimi ni dereva wa Coaster, Moshi–Arusha, nina miaka 47, na barabara hii nimeiendesha miaka 19. Kila siku ya kazi, saa kumi na dakika arobaini alfajiri, nafungua mlango wa gari pale uani linapolala, nakaa kwenye kiti changu, nazima simu, naweka mikono juu ya mapaja na kunyamaza. Siwashi redio wala taa. Nakaa hivyo dakika 15. Ikifika saa kumi na moja kasoro dakika tano nawasha injini na siku inaanza.

Maneno yamekuwa mengi. Dereva mwenzangu mmoja amesema nimeingia Freemason. Mwingine anasema hayo ni mambo ya watalii, wale wanaoteremka mlimani wakakunja miguu kwenye nyasi za hoteli. Hao sikuwajibu. Lakini huyu mzee, mpiga debe aliyenipokea stendi nikiwa bado deiwaka, kibarua wa siku, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nyumbani kwema? Naona siku hizi unakaa gizani peke yako." Aliuliza kwa upendo, nami pale pale sikuwa na la kumwambia zaidi ya "Shikamoo mzee, kwema kabisa."

Mzee wangu, jibu ni hili.

Zamani nilikuwa naamka na simu mkononi. Kabla sijanawa uso nilikuwa nimeshasoma ujumbe wa tajiri, mwenye gari, kwamba hesabu ya jana, fedha ninayompelekea kila siku, haikutimia, nimeshapita kwenye kundi la madereva kujua tochi ya trafiki ya kupima mwendo iko wapi leo, nimeshakumbushwa ada ya shule. Nilitoka nyumbani Pasua nikiwa na hasira na watu ambao hata sijakutana nao. Nikifika stendi, mwili uko Moshi, moyo umeshafika Usa River unagombania abiria.

Mwezi wa saba, miaka miwili iliyopita, mwenzangu alinipita Kwa Sadala akabeba abiria watano niliokuwa nimewahesabu kuwa wangu. Nikamfukuza. Wanaoijua barabara wanajua kwamba ukishatoka Boma Ng'ombe kuelekea njia panda ya KIA, ule uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, panafunguka, tambarare kavu, barabara imenyooka, na mguu unashawishika. Kiti cha mbele kushoto alikuwa amekaa mama mmoja na mtoto mapajani. Hakupiga kelele. Tulipokaribia njia panda alisema, "Kaka, nishushe hapa. Nitasubiri gari jingine." Alikuwa amelipa nauli ya mpaka Tengeru. Hakudai hata shilingi irudi. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni amesimama na mtoto na mfuko wake, upepo unampiga, hakuna kivuli, na ndani ya gari hakuna abiria aliyesema neno mpaka Arusha.

Sijawahi kumsimulia mtu habari hiyo, hata mke wangu ataisomea hapa.

Wiki iliyofuata kichwa kiliniuma kisogoni siku tatu mfululizo nikaenda zahanati. Nesi akanipima presha: 168 kwa 104. Akanitazama mguu wangu wa kulia, ulikuwa unachezacheza wenyewe kama nimeukanyagisha kwenye mafuta. Akasema, "Baba, tutapima tena. Egemeza mgongo, nyayo zote mbili chini, mkono mezani, usiseme na mtu, simu weka mfukoni." Akaniacha dakika tano. Alipopima mara ya pili ilikuwa 156 kwa 98.

Baadaye nilielewa kwamba hayo ndiyo masharti ya kupima presha vizuri popote duniani, mgonjwa atulie kwanza ndipo apimwe. Siku ile niliona kama mwujiza. Nesi akanikatiza haraka. Akasema 156 bado ni ugonjwa, na kidonge nitameza kila siku, na chumvi nipunguze, na soda mbili za kila mchana niziache. "Ila umeona," akasema, "dakika tano tu umekaa kama mtu, na mwili umekusikia." Kisha akanifundisha kuhesabu pumzi: vuta polepole kwa hesabu ya nne, toa polepole kwa hesabu ya sita. Ukifanya hivyo unapata pumzi kama sita kwa dakika moja. Akaniambia nifanye kila asubuhi kabla ya jambo lolote, kwa sababu nikisema nitafanya mchana sitafanya.

Hapo kwenye asubuhi nataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wengi hawaelewi.

Binti yangu anasomea uuguzi, yuko mwaka wa tatu, na ndiye aliyenifafanulia. Mtu anapoamka, mwili wake humwaga homoni inayoitwa kotisoli, na hiyo huendelea kupanda kwa nusu saa hivi au dakika 45 za mwanzo. Si ugonjwa, ni kazi yake, ndiyo inayotuinua kitandani. Presha nayo hupanda kuelekea asubuhi. Maana yake ni kwamba mwili unakuwa unapasha moto wenyewe wakati ule ule ambao mimi nilikuwa naufungulia simu na kuumwagia hasira za tajiri juu. Hakuna dereva anayejua gari ambaye atawasha injini ya dizeli katika baridi ya mwezi wa saba na papo hapo akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Unaiacha inguruma kidogo, oili ipande ifike juu, vyuma vizoeane. Mwili wangu nilikuwa naufanyia kila siku kitu ambacho gari la tajiri nisingelifanyia hata mara moja.

Na kwa nini pumzi? Kwa sababu ukivuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, na ukiitoa polepole moyo hupunguza. Msiamini kwa sababu nimesema mimi. Weka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba, utoe pumzi taratibu, utasikia mwenyewe mapigo yanaachana. Kuna neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo mpaka kifuani na tumboni, wataalamu wanaiita vegasi, nayo kwa moyo ni kama breki. Pumzi ndefu ya kutoka inaikanyaga breki hiyo kwa upole. Mimi nimekanyaga breki miaka 19, sikujua kwamba nami ninayo.

Mwanzoni ilikuwa shida. Wiki ya kwanza nililala usingizi mara mbili kwenye usukani. Wiki ya pili sikulala, lakini kichwa kilijaa zogo. Nilidhani kukaa kimya maana yake mawazo yakome, na yasipokoma umeshindwa. Nilimrudia nesi nikamwambia mimi sina kipaji hicho. Akasema mawazo hayakomi kwa mtu yeyote aliye hai. Kazi yako ni kutambua kwamba umeondoka, kisha urudi kwenye pumzi, bila kujigombeza. Nilielewa kwa mfano wa stendi. Abiria akiteremka anavamiwa na wapiga debe, huyu anamvuta begi, yule anamwita Arusha, yule Dar. Abiria mzoefu hagombani nao na hafuatani nao. Anajua gari lake, anatembea. Sasa hesabu ikija nikiwa nimekaa, naiona: hii ni hesabu. Tairi la nyuma kushoto likija, naliona: hilo ni tairi. Narudi kwenye nne na sita. Siku nyingine narudi mara hamsini ndani ya dakika 15, na nesi anasema hizo mara hamsini ndizo zoezi lenyewe.

Binti yangu anaita meditesheni. Kamusi zina neno taamuli, zuri sana, lakini pale stendi nikilitamka wataniuliza ni chama gani. Mimi nasema tu "kukaa".

Konda wangu ndiye aliyeona mabadiliko kabla yangu. Kama mwezi wa tatu hivi tangu nianze kukaa, Noah moja ilinichomekea pale Maili Sita, nusura nipande tuta. Nikapunguza, nikaiacha iende, nikaendelea na safari. Baada ya kilomita mbili konda akasema, "Kaka, leo hujatukana." Kweli sikuwa nimetukana. Hata honi sikupiga. Hasira ilikuja, niliisikia ikipanda kifuani kama kawaida, ila safari hii palikuwa na nafasi kidogo kati ya kuisikia na mkono kwenda kwenye honi. Zamani nafasi hiyo haikuwepo kabisa. Kwa dereva, sekunde moja ya namna hiyo ni mita nyingi za lami.

Sasa nije kwenye hofu ya dini, kwa sababu najua mzee wangu ni muumini na alikuwa na hofu hiyo japo hakuitamka. Mimi ni Mlutheri. Sala ya asubuhi sijaiacha; nasali nyumbani na mke wangu kabla sijatoka, halafu ndipo naenda kukaa. Katika Mwanzo, sura ya 24, Isaka alitoka kwenda kutafakari kondeni wakati wa jioni, ndipo akainua macho akaona ngamia wanakuja na Rebeka. Marko, sura ya kwanza, anatuambia Bwana aliamka alfajiri sana akaenda mahali pasipo na watu. Konda wangu ni Mwislamu, anakuja ametoka kuswali alfajiri na tasbihi bado iko mkononi, na yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba Mtume alikuwa akijitenga katika pango la Hira. Sisemi kuhesabu pumzi ni ibada. Nasema kunyamaza alfajiri hakukuletwa na watalii.

Wala hapa kwetu si kugeni. Bibi yangu, kule Uru, alikuwa na zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa Kichagga wa kumwagilia, alfajiri. Nikiwa mdogo alinichukua nimshikie taa. Tulikaa kwenye ukingo wa mfereji chini ya migomba, bibi ameweka jembe magotini, tunasubiri jirani wa juu afungue maji yateremke. Maji ya mfongo huwezi kuyaita yakaja. Bibi hakusema neno, na mimi nikiongea aliniwekea mkono kichwani tu. Ulikuwa unasikia maji kabla hujayaona. Nilikuja kugundua mwaka jana, nimekaa ndani ya Coaster gizani, kwamba kile nilichokuwa nakitafuta kwa kuhesabu pumzi nilishakionja nikiwa na miaka saba, na bibi hakuwahi kukipa jina.

Wapo watakaotaka ushahidi zaidi ya bibi yangu na presha yangu, na wana haki. Binti yangu alinisomea haya, nami nilimwomba arudie mpaka nikayashika. Mwaka 1979 mtaalamu mmoja Mmarekani, Jon Kabat-Zinn, alianza kuwafundisha wagonjwa wa hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts kukaa kimya na kufuata pumzi, kozi ambayo baadaye ilijulikana kuwa ya wiki nane, wengi wao wakiwa watu wa maumivu sugu. Tangu hapo jambo hili limekuwa likipimwa kama dawa inavyopimwa. Mwaka 2014 watafiti walikusanya majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500, wakaona kwamba kutafakari kunapunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Hawakuona kwamba kunashinda dawa au mazoezi. Na mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilisema huenda kunasaidia kupunguza hatari ya magonjwa ya moyo, lakini kama nyongeza ya matibabu, si badala yake. Nimependa sana watu wanaosema hivyo, kwa kipimo, bila kutangaza biashara.

Kwa hiyo kidonge changu nameza mpaka leo. Mwezi uliopita presha ilikuwa 136 kwa 84. Sijui kipande gani ni cha kidonge, kipi ni cha soda nilizoacha na kipi ni cha kukaa, na simwambii mtu yeyote atupe dawa zake. Mtu wa presha akiacha dawa kwa sababu amesoma barua yangu, atakuwa amenielewa vibaya na nitaumia sana.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme. Mwenzetu mmoja aliyewahi kupata ajali mbaya alijaribu kukaa nami. Siku ya pili alipofumba macho ajali ilirudi yote, sauti na harufu, akafungua mlango akatoka nje anatetemeka. Nilikaa naye pale ukutani mpaka palipopambazuka. Nesi aliniambia hilo hutokea kwa waliopitia makubwa, na mtu wa namna hiyo asilazimishwe. Aache macho wazi, atazame kitu cha mbali, na apelekwe kwa mshauri wa afya ya akili hospitalini. Mwenzetu alikwenda, anaendelea vizuri, na siku moja moja anakuja tunakaa naye macho wazi. Siku zenye mbalamwezi theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana kutoka uani kwetu hata kabla ya mapambazuko, na kufika saa nne asubuhi mlima wote mara nyingi umeshaingia mawinguni. Anautazama huo.

Nina maombi mawili tu.

La kwanza ni kwa matajiri wenye magari. Tunaheshimu hesabu zenu, ni haki yenu. Tunaomba msitupigie wala kutuandikia habari za hesabu kabla ya saa moja asubuhi. Pungufu la jana halitaongezeka kwa kungoja kidogo. Lakini dereva mliyemwamsha nalo saa kumi usiku anabeba watu karibu thelathini akiwa na ninyi kichwani, kupitia Boma, KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, mpaka Arusha. Wangu nilimwomba ana kwa ana. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Sawa, jaribu." Tangu siku hiyo hajapiga mapema hata mara moja, na hesabu naifikisha.

La pili ni kwa wauguzi na madaktari wa zahanati zetu. Wanaume wengi wa stendi hawaji kwenu mpaka waanguke. Anapokuja mmoja mkampima, zile dakika tano za kutulia msiziruke kwa sababu foleni ni ndefu. Mwonyesheni namba zote mbili, ya kabla na ya baada. Mimi maneno ya kunitisha nilikuwa nimeyazoea. Zile namba mbili kwenye karatasi moja ndizo zilizonishika.

Yule mama wa njia panda ya KIA sikumwona tena. Huwa natazama kituo kile kila nikipita. Kama anasoma gazeti hili, namwomba radhi, yeye na mtoto wake, ambaye sasa atakuwa anatembea.

Na wewe mzee wangu, umesema nakaa peke yangu. Gari linalala kwenye ua ule ule, upande wa ukuta, taa zimezimwa. Gonga mlango wa kushoto, usiseme jina, nitafungua. Kiti cha mbele kiko wazi mpaka saa kumi na moja kasoro dakika tano. Baada ya hapo ni cha abiria.

Wako,
Baba Neema,
Pasua, Moshi.